Kokteli na vitafunwa jioni Dar: Slipway, Level 8 au baa ndogo za Masaki?

Kijana_wa_Sinza
Wakuu, habari za jioni. Ijumaa ya wiki ijayo mimi na mke wangu tunatimiza miaka mitano ya ndoa. Mwaka jana tulienda kula nyama choma, muziki ukawa mkubwa mpaka tukawa tunaongea kwa kupigiana kelele masikioni. Safari hii nataka mahali patulivu: taa hafifu, kokteli iliyotengenezwa kwa mikono ya mtu anayejua kazi yake, na vitafunwa vya kudokoa pamoja kwenye sahani moja. Mke wangu hanywi kilevi, na sitaki aishie kuletewa soda. Bajeti laki moja na nusu. Nimebakiza tatu: Slipway pale Msasani (yale maduka na migahawa ya kando ya maji), Level 8, baa ya juu ya hoteli ya Hyatt Regency Kivukoni, au baa ndogo za Masaki. Nilinganishieni.

Bibi_Pwani
Hongereni sana, Mungu awazidishie. Mimi nakupeleka Slipway, na sababu yangu kubwa ni jua. Coco Beach, ufukwe wa Oysterbay, inatazama mashariki, kwa hiyo jioni jua linazamia mgongoni kwako, nyuma ya majumba. Slipway iko upande wa pili wa rasi. Inatazama ghuba ya Msasani, magharibi, na jua linashuka juu ya maji huku boti zimegeuka vivuli vyeusi. Dar linazama kati ya saa 12 na robo na saa 12 na dakika 50 hivi, kutegemea mwezi wa mwaka, na giza letu halichelewi. Muwe mmeshakaa saa 11 na nusu.

Jambo jingine ni upepo. Msimu wa kusi, upande wa Oysterbay unapigwa kwelikweli, leso zinaruka mezani. Slipway imekingwa na rasi yenyewe. Shemeji akivaa gauni jepesi hatasumbuka.

Chausiku_K
Bibi_Pwani, kwenye machweo sikupingi. Ila Kijana anataka taa hafifu, na hapo Level 8 ina lake. Ukiwa juu unaitazama bandari: meli zimetia nanga, vivuko vya Kigamboni vinakwenda na kurudi, taa zinawaka moja moja upande wa pili. Mimi napenda kufika giza likishaingia. Hoteli yenyewe wazee wanaiita Kilimanjaro mpaka leo. Baba yangu akiniambia "tukutane Kilimanjaro" simuulizi ni ipi.

Ila ni bei ya hoteli kubwa. Hapo utahesabu glasi kwa glasi, na chakula mle kidogo.

Mzee_wa_Kaunta
Nimesimama nyuma ya kaunta miaka kumi na moja, hotelini na kwenye baa za mtaani, kwa hiyo niongelee glasi yenyewe.

Ukifika, usikimbilie kuagiza. Tazama kaunta kwanza. Ndimu zinakatwa pale pale au juisi inamiminwa kutoka kwenye chupa? Hapo utajua karibu kila kitu. Ndimu ya chupa inaua mojito, maana mojito ni ramu nyeupe, ndimu, sukari, mnanaa na soda tu, haina pa kujificha. Tazama na barafu. Vipande vikubwa vinayeyuka polepole. Ile ya vipande vidogo vilivyolowa inageuza kinywaji kuwa maji kabla hujamaliza stori ya kwanza. Kokteli yenye juisi hutikiswa. Negroni, ambayo ni jini (gin), Campari (kile kilevi chekundu kichungu) na vermuthi nyekundu (divai yenye viungo) kwa vipimo sawa, hukorogwa taratibu kwa kijiko. Ukiona mtu anaitikisa, agiza bia.

Kwa shemeji: aombe ukwaju, tangawizi mbichi iliyopondwa, asali kidogo na soda, kwenye glasi ile ile ya kokteli na barafu ile ile. Mhudumu mzuri anafurahi kuombwa hivyo. Wewe ukitaka ladha ya nyumbani, omba dawa (asali, ndimu na vodka) lakini watumie Konyagi. Konyagi ina asilimia 35, vodka nyingi 40, kwa hiyo inakuja laini kidogo.

Vitafunwa: kinywaji chenye uchachu kinataka kitu cha kukaanga, kama kalamari au kachori. Mishkaki na pweza vinakwenda vizuri na tangawizi. Msiagize vyote kwa mpigo. Sahani mbili, mle, mpige stori, ndipo ya tatu.

Muhogo_wa_Coco
Mkuu, kwa laki na nusu mimi ningegawanya. Anzeni Slipway na jua, glasi moja moja na sahani moja. Kisha shukeni Coco Beach mkale mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, na mishkaki ya moto. Mwezi ukiwa mpevu unachomoza baharini upande ule, karibu saa ile ile jua linapozama. Mtakuwa mmeliona jua na mwezi kwenye maji usiku mmoja.

Kijana_wa_Sinza
Muhogo_wa_Coco, hilo la mwezi limenigusa, nitaangalia kalenda. Na Masaki mbona hamuisemi?

Chausiku_K
Zipo nzuri, ila zinatofautiana mno. Kuna moja, jina naliacha, tulikaa dakika arobaini ndipo sahani ya kwanza ikaja, mnanaa umeshakuwa mweusi, na spika iko juu ya kichwa changu. Usiku wa kumbukumbu ya ndoa usiupeleke mahali ambapo hujawahi kukanyaga. Pita siku ya kawaida kwanza, uonje glasi moja.

Mzee_wa_Kaunta
Naunga mkono. Na gari liache Sinza, pandeni Bolt. Ijumaa foleni ya makutano ya Morocco ni ile ile, tokeni saa 10.

Kijana_wa_Sinza
Wakuu, mrejesho. Tulikwenda Slipway, tukafika saa 11 na dakika 20, meza ya ukingoni. Mke wangu aliomba ukwaju na tangawizi kama Mzee alivyosema; kijana wa kaunta akaponda tangawizi mbele yetu, akaongeza kijiti cha mdalasini bila kuombwa. Jua lilipogusa maji mke wangu aliweka glasi chini akanishika mkono, hatukusema kitu mpaka likaisha. Mwezi ulikuwa bado mwembamba, lakini mihogo ya Coco tuliifuata hivyo hivyo. Level 8 tumeiwekea siku yake ya kuzaliwa.