Shahawa nyekundu au za kahawia: nimpe mteja dawa au nimwelekeze hospitali?

MuuzaDawa_Kahama
Wakuu, habari za kazi. Dukani wanakuja wanaume, wananong'ona kwamba shahawa zimebadilika: mmoja zina wekundu, mwingine zimekuwa kahawia kama kutu, mwingine njano. Karibu wote wanataka antibayotiki papo hapo, kupimwa hawataki. Naomba mnisaidie: lipi la kawaida, lipi nisiliguse kabisa, na nikimwelekeza hospitali apimwe nini? Huku mashamba ya mpunga na malambo ni mengi, kwa hiyo kichocho nacho nakifikiria.

Tabibu_Zamu
Mkuu, tuanze na isiyo damu. Shahawa za kawaida ni nyeupe zinazoelekea ukijivu. Zikitoka huwa nzito na zina mabonge, kisha zinakuwa majimaji ndani ya nusu saa hivi, isizidi saa moja. Mabonge hayo yanawatisha sana vijana, na si ugonjwa. Njano hafifu mara nyingi ni mtu aliyekaa siku nyingi bila kumwaga, au anatumia vidonge vya vitamini B. Aliye kwenye dozi ya TB muulize mapema: rifampisini hugeuza mkojo, jasho, machozi na hata shahawa kuwa rangi ya chungwa. Mwambie asithubutu kuacha dawa kwa sababu hiyo.

Njano nzito au kijani, mkojo unachoma, usaha unatoka: hapo fikiria magonjwa ya zinaa, kisonono na klamidia. Anatibiwa yeye na mwenzi wake kwa pamoja, dozi kamili. Tafadhali usimuuzie vidonge viwili vitatu. Usaha unakauka, wadudu wanabaki na kuzoea dawa, na baadaye mirija ya mbegu inaziba.

Sasa damu. Nyekundu ni mbichi, kahawia ni ya siku kadhaa. Kwanza hakikisha ni ya nani: atumie kondomu, kisha aangalie penye mwanga. Damu ikiwa ndani ni yake. Ikiwa nje tu, mwenzi wake ndiye aende kliniki akaangaliwe mlango wa kizazi. Kijana wa chini ya miaka 40, imetokea mara moja, hana maumivu wala homa na mkojo ni safi, kwa kawaida huisha yenyewe. Hata hivyo mpime presha hapo hapo, na umuulize kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Aliyetolewa kinyama cha tezi dume kwa sindano naye anaweza kuona damu kwa wiki kadhaa.

Usimbakize dukani mwenye miaka 40 au zaidi, ambaye damu imejirudia au imepita mwezi, mwenye damu kwenye mkojo, uvimbe kwenye korodani, anayekonda, au ambaye baba au kaka yake aliugua saratani ya tezi dume. Homa ya kutetemeka pamoja na mkojo kugoma kutoka, aende leo. Korodani ikiuma ghafla na kwa ukali, ni suala la saa: inaweza kuwa imejisokota, na baada ya saa 6 hivi uwezekano wa kuiokoa unashuka haraka.

Maabara_Ziwa
Naongezea upande wa kichocho, maana Shinyanga kile cha mkojo kipo kweli. Mkojo uchukuliwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, mayai hutoka kwa wingi muda huo. Matone ya mwisho ndiyo yenye mali, asiyamwage. Tunachuja mililita 10 na kutafuta mayai yenye mwiba mwishoni. Jibu la "hakuna" la siku moja lisikutoshe, rudia siku tatu. Na kama damu iko kwenye shahawa, omba shahawa nazo ziangaliwe kwenye hadubini: mayai huweza kuonekana humo wakati mkojo hauna kitu.

Kwa kipimo cha mbegu, akae siku 2 hadi 7 bila kumwaga, atumie kikopo safi cha maabara na si kondomu, maana mafuta yake yanaharibu mbegu, na kifike ndani ya saa moja kikiwa na joto la mwili. Uzito au wepesi kwa macho hausemi kama mtu anazaa. Hilo linaamuliwa kwa kuhesabu.

Tabibu_Zamu
Sahihi kabisa. Kichocho kikithibitika ni prazikwantel miligramu 40 kwa kila kilo, mara moja, baada ya kula. Mtu wa kilo 60 ni vidonge vinne vya miligramu 600. Minyoo ya kichocho iliyo michanga haifi kwa dawa hiyo, kwa hiyo apimwe tena baada ya wiki 4 hadi 6. Akirudi lambo lile lile ataambukizwa upya, mwambie wazi.

Anayeenda kupima PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, asimwage siku mbili kabla. Kama ametoka kutibiwa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), asubiri wiki 6 hivi, la sivyo kipimo kitapanda bure na atalala na hofu ya saratani.

MuuzaDawa_Kahama
Ahsanteni sana. La mwisho: mzee anatumia tamsulosini, dawa ya tezi dume iliyovimba, anasema siku hizi shahawa hazitoki kabisa.

Tabibu_Zamu
Ni dawa hiyo, na hali hiyo haina madhara kwake. Shahawa hupungua sana au hurudi kwenye kibofu, ndiyo maana mkojo unaofuata huweza kuwa na ukungu. Asiiache mwenyewe, mkojo unaweza kuziba. Ila mpime sukari pia, kisukari nacho hufanya hivyo hivyo.