Naomba ushauri: ufunguzi wa c4 kwenye sataranji (chess) umenitesa nikiwa na kete nyeupe

Wakuu, habari za jioni. Jumapili nilicheza raundi ya 4 ya mashindano, dakika 90 kila mmoja, nikaanza na c4 (askari wa mstari wa c anaruka nyumba mbili), ule ufunguzi wa Kiingereza ulioitwa hivyo kwa sababu ya Mwingereza Staunton na mechi yake na Mfaransa Saint-Amant kule Paris mwaka 1843. Nimeupenda kwa uvivu tu, ili nikwepe kukariri Sisiliani, ule ulinzi wa weusi dhidi ya e4.

Tulikwenda hivi: c4 e5, farasi c3 farasi f6, g3 d5, nikala d5, akarudisha kwa farasi. Askofu g2, farasi wake b6. Baadaye tukajifungia wafalme, nikasukuma a3 na b4, askofu b2. Akajibu a5, nikapita b5, farasi wake mwingine, wa c6, akarukia d4.

Hapo nikamla yule farasi kwa farasi wangu wa f3, na nadhani ndipo nilipojichimbia kaburi. Askari wake wa e5 akala d4, akamfungia kabisa askofu wangu wa b2 na kumtimua farasi wa c3. Nikampeleka e4, askari wake akaja f5 akamtimua tena! Mstari wa e ukabaki wazi upande wake, ngome zake zikamkodolea macho askari wangu wa e2 mpaka akaanguka hatua ya 31.

Je, ningemwacha farasi wa d4 na kurudisha wangu d2? Au kosa lilikuwa b5 yenyewe? Mnaocheza c4 mara kwa mara, nyie hapo mnafanyaje? Jumamosi nina weupe tena.