Tupeane uzoefu: kosa gani la kuunga betri lilikufunza adabu?

Wakuu, naanza mimi. Betri nne za volti 12, nimeziunga sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Waya zote mbili za inveta nikazifunga kwenye betri ya kwanza, maana ndiyo iliyokuwa karibu. Mwaka wa pili ile ya kwanza ikavimba, ya nne bado kama imetoka dukani. Kumbe kila kipande cha waya kina ukinzani wake, hata kiwe kifupi vipi: betri ya karibu inatoa na kupokea umeme zaidi kuliko wenzake, ya mwisho inaachiwa makombo. Sasa chanya naitoa betri ya kwanza, hasi naitoa ya nne. Haikunigharimu hata waya wa ziada, ndiyo inayoniuma. Nanyi je?

Spana Moja: Yangu ni spana. Nakaza nati, mkono ukateleza, spana ikalala kati ya chanya na hasi. Ikang'ang'ania pale ikaiva nyekundu. Tunaogopa umeme wa ukutani, tunaidharau volti 12 kwa sababu haipigi shoti mwilini. Lakini ikishikana, betri kubwa ya asidi humwaga ampea elfu na zaidi. Siku hizi mipini ya spana nimeizungushia tepu, pete naivua kabla sijagusa kitu, na fyuzi inakaa kwenye chanya, karibu kabisa na betri.

Nanga: Kwenye boti, swichi ya 1-2-zote, ile ya kuchagua betri ya kwanza, ya pili au zote. Injini inanguruma, nikaizungusha ikapitia OFF. Nukta moja tu! Altaneta, ile inayochaji betri kwa nguvu ya injini, ikakosa pa kupeleka umeme, volti zikapaa, diodi zake (vipitisha umeme upande mmoja) zikafa.

Mzee wa Inveta: Mimi niliweka sakiti breka ya kawaida, ya umeme wa AC (ule wa ukutani, unaogeuka mwelekeo kila mara), kwenye laini ya betri 48V. Siku ya kuikata chini ya mzigo, cheche haikuzimika, plastiki ikayeyuka machoni pangu. AC ya hezi 50 hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, cheche inapata nafasi ya kufa. DC, umeme wa betri unaokwenda upande mmoja tu, haina sifuri. Nunueni breka iliyoandikwa DC, na kama ina alama za + na − zifuateni.

Kijana wa Paneli: Betri mpya nikaichanganya na tatu kuukuu. Mpya ikazeeka haraka. Sina la kuongeza.

Lithi: Betri mbili za lithiamu, moja imejaa, nyingine karibu tupu, nikaziunga sambamba papo hapo. Tap! Kinga za ndani zikakata zote mbili, nikakaa gizani nikidhani nimeziua. Siku hizi kila moja naijaza peke yake, napima, volti zikilingana ndipo naunga.

Spana Moja: @Lithi, ulipima zikiwa zimetoka kwenye chaji muda huo huo?

Lithi: Hapana mkuu, naziacha zitulie kwanza saa kadhaa. Zikitoka chajani volti zinadanganya.