Naomba ushauri: dodoso langu la mtazamo kuhusu hisabati
Wakuu, habari za leo. Niko kwenye utafiti wa shahada ya uzamili, napima mtazamo wa wanafunzi wa kidato cha pili kuhusu hisabati kwa kipimo cha Likert cha ngazi tano (kuanzia "nakataa kabisa" hadi "nakubali kabisa"). Kwenye majaribio, alfa ya Cronbach (namba inayoonyesha jinsi majibu ya sentensi zote yanavyoendana) haikufika 0.70 ambayo wengi huitaka, na alama za sentensi za kukanusha nilishazigeuza (5 ikawa 1, 4 ikawa 2) kabla ya kukokotoa. Kuna mtoto kakubali "Napenda hisabati", hapo hapo kakubali "Sipendi kipindi cha hisabati"! Nahisi wanamfurahisha mwalimu, maana ndiye aliyegawa karatasi. Nizitoe sentensi za kukanusha, au nirudie kwanza mwalimu akiwa nje? Na kwa kuwa alfa haithibitishi uhalali (kwamba dodoso linapima kweli mtazamo), nani anikagulie maswali: walimu wa hisabati au watu wa saikolojia?