Kinyozi akuelewe: picha, namba ya mashine au maelezo ya mdomo?

Mgeni Sinza: Wakuu, habari za jioni. Nimehamia Sinza, kinyozi niliyemzoea nimemwacha Mbagala, na sitaki kubahatisha kwa mtu mpya. Nataka pembeni zififie, juu zibaki. Kipi kinaeleweka zaidi: picha ya kwenye simu, kutaja namba, au kueleza tu?

Fundi Tandika: Karibu mkuu. Nashika mashine kila siku, kwangu namba inaongoza. Kichana cha mashine namba 1 kinaacha nywele za kama milimita 3, namba 2 milimita 6, namba 4 karibu 13. Ukisema "pembeni namba 1, juu namba 4, fedi ianzie juu kidogo ya sikio," yaani nywele zianze kufifia hapo, sina swali. Mteja akisema "punguza kidogo" ndipo tunapokosana, maana kidogo yake siyo yangu. Kama huna uhakika, tuanze na namba kubwa. Kushuka tunaweza, kurudisha nywele hatuwezi.

Dada K'ndoni: Kaka fundi, na sisi tunaokatwa kwa mkasi? Nywele zangu kipilipili: zikipigwa drai zinafika begani, zikikauka zenyewe zinajikunja hadi masikioni. Nikisema "kata inchi 2" lazima tukubaliane zinapimwa zikiwa zimenyooka au zimejikunja. Mimi naweka kidole shavuni: zikijikunja, ziishie hapa. Kisha namwomba arudie nilichosema kabla hajashika mkasi.

Baba Wawili: Picha nayo msiidharau. Ila yale mabango ya ukutani yenye vichwa vilivyopewa namba siyaamini, kisogo hukioni. Tena kijana mwenye nywele zilizoshuka usoni akitaka kuchongwa kama wa kwenye bango, wembe unapanda juu ya mstari wake wa asili, na baada ya siku chache vinywele vinaota mbele. Mwanangu nampiga picha akinyolewa vizuri: mbele, pembeni, nyuma. Kichwa chake, nywele zake.

Fundi Tandika: Hapo umenena mzee wangu. Hiyo inashinda picha ya staa yeyote. Picha inipe umbo, namba inipe urefu. Na mkuu, kama una kovu au vipele kisogoni, sema kabla sijawasha mashine, nisikupeleke chini sana.

Mgeni Sinza: Shukrani sana. Picha ninayo, ya mbele tu. Kisogo nitataja namba: 1 chini, 2 katikati, na mbele asichonge kwa wembe. Naenda kesho asubuhi, kabla watu hawajajaa.