Gesi inayovizunguka vyanzo angavu mno vya eksirei: je, inathibitisha mwangaza wake?

Mwalimu_wa_Fizikia ameuliza:

Wanajukwaa, salaam. Nimekuwa nikisoma kuhusu vyanzo vya eksirei vinavyoonekana kwenye mikono ya galaksi za spirali, mbali na kitovu, ambavyo kila kimoja hutoa kwa eksirei peke yake nishati inayozidi mwanga wote wa Jua letu zaidi ya mara 250,000. Shimo jeusi lenye tungamo la Jua mara 10 hufika ukomo wa Eddington karibu na kiwango hicho, yaani pale ambapo msukumo wa mwanga unaotoka hulingana na mvuto unaoivuta gesi ndani. Kinachonitatiza ni kwamba mwangaza huo hukokotolewa kwa kudhani kuwa chanzo humulika pande zote sawasawa. Iwapo kinatuelekezea sisi mwali mwembamba tu, basi hesabu yote imetiwa chumvi. Je, yupo shahidi mwingine, aliyesimama upande wa pili wa chanzo, anayeweza kuulizwa?

Karabai_ya_Ziwani amejibu:

Ndugu Mwalimu, shahidi yupo, naye ni gesi yenyewe. Ukiwa ufukweni usiku ukaona taa ya mvuvi wa dagaa, huwezi kujua kwa kuitazama taa ile kama ni karabai au ni tochi iliyoelekezwa machoni mwako. Lakini ukiyatazama maji utajua mara moja, kwa kuwa karabai huangaza maji pande zote na tochi huangaza mchirizi mmoja.

Maji yetu hapa ni heliamu. Kuinyang'anya atomu ya heliamu elektroni yake ya pili kunahitaji fotoni (chembe ya mwanga) yenye nishati ya elektronivolti 54.4, ambayo nyota za kawaida, hata zile kubwa zenye joto kali, huitoa kwa uchache sana. Elektroni inaporudi mahali pake hutoa mistari ya spektra, yaani mwanga wa rangi mahususi, na ule unaotafutwa zaidi ni wa nanomita 468.6. Kila fotoni ya mstari huo hulingana na idadi inayojulikana ya fotoni kali zilizomezwa, hivyo anayezihesabu anakipima chanzo kwa pande zote zenye gesi, hata zile ambazo kamwe hazitatuelekea. Mfano ulio bora hauko kwenye spirali bali kwenye galaksi ndogo ya Holmberg II: wingu la heliamu linalozunguka chanzo chake X-1 lilidai mwangaza unaokaribiana na ule uliopimwa kwa darubini za eksirei. Ile ni karabai, si tochi.

Kusi_Tupu amejibu:

Nakubaliana na aliyetangulia, ila naona ameupa mwanga uzito kupita kiasi. Sehemu kubwa ya gesi inayovizunguka vyanzo hivi haikuangazwa tu, bali imesukumwa. Tunalijua hilo kwa salfa: mahali palipopitiwa na wimbi la mshtuko, mistari ya salfa ya nanomita 671.6 na 673.1 kwa pamoja hufikia sehemu 0.4 au zaidi ya mstari mwekundu wa haidrojeni, ilhali kwenye mawingu yanayoangazwa na nyota changa uwiano huwa chini ya hapo.

Tazama kiputo cha gesi kiitwacho S26 katika galaksi ya spirali NGC 7793, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 12. Mwanaastronomia Manfred Pakull na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba kiputo hicho, chenye urefu wa takriban miaka ya nuru 1,000, kinapanuka kwa kasi ya kilomita 250 hivi kwa sekunde, na kwamba kinapulizwa na mikondo miwili ya maada ambayo nguvu yake inazidi eksirei tunazozipokea kwa maelfu ya mara. Mtu anayepima eksirei peke yake angekipita chanzo hicho bila kukitupia jicho la pili. Kwa hiyo, Mwalimu, ushahidi wa gesi haupunguzi chumvi tu. Wakati mwingine hutuambia kwamba tulikidharau chanzo.

Mkazi_wa_Malindi amejibu:

Naongeza tahadhari moja. Wingu la MF16 katika galaksi ya NGC 6946 lilihesabiwa kwa miaka mingi kuwa masalia ya supanova (mlipuko wa nyota), na angavu kuliko kawaida, hadi ilipobainika kuwa ndani yake kimo chanzo cha aina hii. Mshtuko ni mshtuko, na salfa haisemi aliyepiga ni nani. (Nje kidogo ya mada: setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya eksirei za angani ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, hapa kwetu baharini, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, na ndiyo maana iliitwa Uhuru.)

Mwalimu_wa_Fizikia:

Nawashukuru nyote. Nimejaribu kukokotoa umri wa kiputo cha chanzo X-2 katika galaksi ya NGC 1313, nikichukua nusu kipenyo cha kiputo kuwa miaka ya nuru 650 na kasi ya kilomita 100 kwa sekunde, nikapata miaka milioni 2. Je, niko sahihi?

Kusi_Tupu amejibu:

Umri huo ni wa kiputo kilichopanuka kwa kasi isiyobadilika. Kiputo kinachopulizwa na upepo wa kudumu kilianza kwa kasi kubwa kikazidi kupungua, hivyo zidisha kwa 3/5, utapata takriban miaka milioni 1.2.

Sasa iweke namba hiyo mbele ya jambo jingine: mwaka 2019 ilitangazwa kwamba X-2 inapiga mapigo ya sekunde 1.5 hivi, maana yake si shimo jeusi bali ni nyota ya nyutroni, yaani kiini kilichogandamana cha nyota iliyolipuka. Kung'aa kwake kunapokuwa kileleni kunahitaji maada inayokaribia tungamo la Jua moja kwa kila miaka milioni. Nyota ya nyutroni ya kawaida, yenye tungamo la Jua mara 1.4, ingekuwa imeshibishwa hadi ukingoni mwa kuporomoka na kuwa shimo jeusi. Ama basi hupumzika kwa vipindi virefu, ama sehemu kubwa ya maada hutupwa nje kabla haijafika. Jirani yake X-1, katika galaksi hiyo hiyo, ilionekana mwaka 2016 ikivumisha upepo kwa karibu moja ya tano ya kasi ya nuru, na upepo wa namna hiyo ukidumu muda mrefu hauna budi kuacha kiputo.