Tupeane uzoefu: likizo ya kijijini Ufaransa, mlifikia wapi na mlipachaguaje?

Baba_Brussels

Wakuu habari zenu. Naona watu wameshaanza kuulizana kiangazi hiki waende wapi, na ukitaja Ufaransa kila mtu kichwani ana Paris na ule mnara. Sisi tunaishi Ubelgiji na likizo zetu siku hizi ni vijijini tu, zaidi Bourgogne upande wa Vézelay na yale maziwa ya Morvan, na napapenda mno. Sasa nataka watu waseme walifikia wapi na kwa nini walichagua hapo, maana kijijini sehemu ya kulala ndo inaamua likizo nzima. Mjini hoteli ikiwa mbaya unatoka nje mambo yapo, kule ukitoka nje kuna ng'ombe.

Naanza mimi. Nikiona tangazo la nyumba nafungua ramani kwanza naangalia duka la mkate liko umbali gani kwa miguu, hapo hata bwawa la kuogelea sijaliangalia bado. Asubuhi tunawapa watoto hela wanaenda wenyewe, wanamsalimia mama muuzaji kabla ya kuagiza (ukiingia duka la kijijini kule bila bonjour unaonekana huna adabu, na mimi hilo nawaheshimu sana), wanarudi na mkate wa moto ncha zote mbili zimeshaliwa. Wanangu hawana uhuru huo mjini. Nyumba ikiwa peke yake porini huo uhuru haupo, kila kitu ni baba washa gari.

Ila angalia siku ya kufunga, maduka mengi ya mkate yanafunga Jumatatu, na maduka ya vijijini karibu yote yanafunga mchana kama saa sita hadi saa nane, Jumapili mchana ndo usahau kabisa.

Kwa wageni wa haya mambo, kuna gîte ambayo ni nyumba nzima unajipikia mwenyewe, na kuna chambre d'hôtes ambayo ni chumba kwenye nyumba ya mwenyeji na kifungua kinywa kimo kwenye bei. Hii ya pili sheria inamruhusu vyumba visizidi 5 na wageni 15, kwa hiyo hamjazani. Ukiona nembo ya Gîtes de France, yaani mtandao wa wenye nyumba za likizo, wale wapo tangu 1955, nyumba zao zinapewa masuke ya ngano badala ya nyota, moja mpaka matano. Sisi masuke matatu yanatutosha kabisa.

Karibuni, mtu aseme na sehemu.

BintiUnguja

Assalaam alaykum. Mie niko Leicester, sisi tulikwenda Dordogne karibu na Sarlat, familia mbili, nyumba moja kubwa ya mawe. Kilichotufanya tuchague gîte ni jiko tu wallahi. Kule ni nchi ya bata, bata kwenye kila menyu, hata viazi wanavikaanga kwa mafuta ya bata, na nyama yenyewe hujui imechinjwaje. Tulipitia Bordeaux tukanunua kuku na mbuzi wa halali, tukajaza friza, basi. Kabla ya kulipia nilimuuliza mwenye nyumba friza ina ukubwa gani akanitumia picha, na mimi nawaambia muulize, maana nyumba nyengine ni kile kijifriza kidogo juu ya friji hakitoshi hata kuku wawili.

Mboga na matunda tukinunua soko la Sarlat, Jumatano na Jumamosi, mji wenyewe wa zamani mzuri sana. Na watoto tukawapeleka Montignac kuona Lascaux, lile pango la michoro ya watu wa kale, sio pango lenyewe, lile limefungwa kwa watu tangu 1963 kwa sababu pumzi za wageni zilikuwa zinaharibu michoro, ni nakala iliyofunguliwa 2016, lakini imefanywa vizuri mpaka wanangu walinyamaza, na hao kunyamaza si kawaida yao.

Wenye watoto wadogo: bwawa. Ufaransa wana sheria ya 2003, bwawa la kuchimbwa ardhini lazima liwe na kinga, ama uzio, ama kifuniko, ama kibanda cha kulifunika lote, ama alamu. Mie alamu haiwezi kunipa usingizi. Niliandika wazi nataka uzio wenye mlango wa kufunga, nyumba mbili nzuri nikaziwacha kwa ajili hio na sijuti.

Baba_Brussels

Dada umenena, hilo la uzio na mimi nalishika. Na mashuka je?

BintiUnguja

Tulibeba ya kwetu kaka. Mashuka na taulo mara nyingi hayamo kwenye bei, wala usafi wa mwisho. Ukijumlisha na ile kodi ndogo ya utalii kwa kila mtu mzima kwa usiku, bei ya mwanzo ishabadilika. Ukilinganisha nyumba mbili linganisha jumla yake.

Mtoto_wa_Bukavu

Jambo sana. Mimi niko naishi Lyon, gari sina, na watu wote walikuwa wananiambia kijijini bila gari huwezi. Inawezekana, lakini unachagua kwa kufuata reli na si kwa kufuata uzuri. Mimi nilichukua treni mpaka Valence, halafu ile ya kupanda kwenda Gap, nikashuka Die, mji mdogo kwenye mto Drôme, milima ya Vercors iko juu yako pale. Stesheni iko mjini, soko liko, mto unaogelea bure.

Nilikaa chambre d'hôtes kwa mama mmoja mtu mzima. Nilimpigia simu kabla, nikamwambia mama sina gari, akasema nakuja kukuchukua stesheni. Ujumbe wa kwenye aplikesheni hauleti hiyo, simu ndiyo inaleta. Jioni alikuwa anapika, wageni wote meza moja, wanaita table d'hôtes, na unamwambia mapema kama hauli nguruwe au haunywi pombe, hakuna aibu. Tulikuwa na wazee kutoka Bretagne na wasichana wa baiskeli, tunakula mpaka giza, na wakati wa giza mwezi wa saba kule ni saa nne ya usiku. Nimeishi Ufaransa muda mrefu lakini kukaa mezani na Wafaransa hivyo, wananiuliza habari za Kivu na wanasikiliza, ilikuwa mara ya kwanza. Kwa mtu anayesafiri peke yake mimi nasema hiyo tu, nyumba nzima peke yako utaongea na kuta.

Jumapili basi la kijiji hakuna. Siku hiyo panga kutembea kwa miguu.

MseeWaStuttgart

Sasa watu wangu. Sisi tuko Ujerumani so Alsace ni karibu, tunavuka mto tumefika. Ile barabara ya mvinyo ina kilomita kama 170 na vijiji vyote vinakaa poa kwa picha, Riquewihr, Eguisheim, zote. Lakini mchana mabasi ya watalii yanajaa hadi hakuna pa kukanyaga. Mimi hulala kijiji jirani ambacho hakijulikani, bei inashuka, halafu naingia Eguisheim saa kumi na mbili asubuhi wenyewe wakimwagilia maua. Kaysersberg pia mpite, ndiko alizaliwa Albert Schweitzer yule daktari wa Lambaréné, Gabon.

Na kama unalala mwepesi uliza kanisa liko umbali gani. Kengele zingine zinapiga kila robo saa, usiku kucha.

UmmuZayd

Salaam kutoka Muscat. Sisi tunakimbia joto, kwa hiyo wale wanaosema Provence mwezi wa saba mimi siwaungi mkono, digrii 35 unaweza kuzikuta pia na nyumba nyingi za mawe hazina AC. Kuta nene zinasaidia ukifunga madirisha ya mbao mchana, lakini vyumba vya juu chini ya paa ni moto mpaka usiku. Mume wangu alitaka kuona mashamba ya maua ya lavenda ya Valensole, huko huko Provence, tukaenda mwisho wa mwezi wa sita ikiwa imechanua, maana kuanzia katikati ya Julai wanaanza kuikata. Tukalala siku chache tu kisha tukapanda milimani juu ya Annecy, chalet ya mbao, usiku unajifunika blanketi. Huko ndiko ningekaa likizo yote. Ulizeni kama barabara ya kupanda inaingia gari kubwa, familia za watu saba mnajua wenyewe.

Kijana_Dar

Wakuu mi niko Bongo, dada yangu anaishi Nantes, nataka nikakae kwake halafu tuende kijijini pamoja. Kwenye viza sehemu ya kulala naandikaje?

Baba_Brussels

Mdogo wangu, dada aende manispaa ya kwake aombe attestation d'accueil, yaani hati ya kuonyesha kwamba anakupokea kwake, inalipiwa stempu ya euro 30, na asisubiri dakika za mwisho manispaa nyingine zinachukua muda. Hiyo inafunika siku za kwake. Siku za kijijini ambatanisha buking ya hiyo nyumba yenye jina lako, tarehe zisiachane hata usiku mmoja. Bima ya matibabu ya safari iwe ya euro 30,000 kwenda juu. Na chagua nyumba ambayo unaweza kukansel bila kupoteza hela mpaka karibu na safari, hata kama bei imezidi kidogo, viza haijatoka bado.

Kijana_Dar

Shukrani kaka. Tunafikiria Agosti.

Mtoto_wa_Bukavu

Julai na Agosti gîte nyingi wanapangisha Jumamosi mpaka Jumamosi, wiki nzima, ndege yako iendane na hiyo. Kama unaweza sogeza mpaka Septemba, watoto wa Wafaransa wanarudi shule, bei inaanguka, na mto bado uko na joto.